Mabomba Yetu na Daftari Lake: Taarifa za Maji ya Kajiado Zikae Wapi?

Mali bila daftari hupotea bila habari. Waliotunga methali hiyo yamkini walikuwa na duka au ghala akilini, lakini sijui mali inayoistahili zaidi kuliko bomba la maji lililofukiwa ardhini. Ng'ombe akipotea, mwenyewe huona pengo zizini jioni ile ile. Bomba likipotea haliachi pengo. Li papo hapo chini ya nyasi na mawe, linapitisha maji, pengine linavuja, ila hakuna ofisi inayoweza kusema kwa yakini linapita wapi, lina kipenyo gani, lilizikwa mwaka gani, na vali ya kulifunga iko upande upi wa barabara.

Ningependa leo kuzungumza na walimu na wanafunzi juu ya jambo linaloonekana, kwa mtazamo wa kwanza, kuwa la wataalamu wa kompyuta peke yao: taarifa za mabomba zihifadhiwe wapi? Je, ziwekwe ndani ya ramani ya kompyuta yenyewe, au katika daftari la kando lililounganishwa na ramani hiyo? Kampuni za mafuta, gesi na maji ulimwenguni zimeshindana kwa hoja juu ya swali hili kwa miaka mingi. Kwetu Kajiado swali lenyewe lina uzito wa pekee, na sababu yake ni historia ya maji tunayokunywa.

Chemchemi za Noolturesh zimo kusini mwa kaunti, karibu na Loitokitok, chini ya Mlima Kilimanjaro. Kutoka huko maji huteremka kwa mvutano wa ardhi, yakapita Emali na Sultan Hamud, yakaelekea mjini Kajiado, Kitengela, Athi River hadi Machakos. Ni safari ndefu, na njiani mna matangi, vali za kutolea hewa mahali palipoinuka, vali za kutolea matope mabondeni, na maungio yasiyohesabika. Bomba hilo hupita katika kaunti tatu: Kajiado, Makueni na Machakos. Fauka ya hayo, limepita pia katika mikono mingi. Lilisimamiwa na Shirika la Kitaifa la Kuhifadhi Maji na Mabomba, lililoundwa mwaka 1988. Sheria ya Maji ya mwaka 2002 ikaleta bodi za huduma za maji, yetu ikiwa ya Tanathi. Katiba ya mwaka 2010 ikazikabidhi kaunti huduma za maji. Sheria ya mwaka 2016 nayo ikageuza bodi kuwa wakala wa ujenzi, na lile shirika la 1988 likapisha mamlaka nyingine.

Kila yanapofanyika makabidhiano ya aina hiyo, magari huhesabiwa, viti huhesabiwa, na madeni hubishaniwa hadi usiku. Nani huhesabu vali?

Na huku ofisi zikibadilishana mihuri, ardhi yenyewe ilikuwa inabadilika kwa kasi. Ranchi ya jumuiya ya Kitengela iligawanywa kwa wanachama wake mwaka 1988. Sheria ya maeneo ya viwanda vya kuuza nje ikapitishwa mwaka 1990, na viwanda vya Athi River vikavuta wafanyakazi waliohitaji pa kulala. Malisho yakakatwa vipande, vipande vikakatwa ploti za futi 50 kwa 100, na kufikia sensa ya mwaka 2019 mji wa Kitengela ulikuwa na watu 154,436 katika kaunti yenye watu 1,117,840. Bomba lililopita katikati ya nyika sasa linapita chini ya lango la mtu, chini ya kibanda cha kinyozi, chini ya ukuta wa kanisa. Ajuaye mahali lilipo mara nyingi ni fundi mmoja mzee aliyekuwapo lilipozikwa, na ujuzi wake unalala naye na kuamka naye. Wakati huohuo mwenye nyumba ananunua maji ya boza au ya mkokoteni wa punda, kwa bei inayozidi mbali ile ya maji ya mfereji.

Haya basi, tuingie katika swali lenyewe.

Ramani ya kompyuta, msomaji mpendwa, si picha tu. Nyuma ya kila mstari unaouona kwenye kioo pana jedwali. Mstari wa bomba una safu yake katika jedwali hilo, na katika safu hiyo unaweza kuandika upendavyo: chuma au plastiki, inchi 6 au 12, mwaka wa kuzikwa, jina la mkandarasi. Kundi la kwanza la wataalamu husema: kila kitu kiwe humo. Ukibofya bomba, habari zake zote zitokee mara moja. Hakuna daftari la pili la kutafuta. Kundi la pili husema: ramani ishike mahali na nambari tu, mengine yote yakae katika hifadhidata ya kando, na nambari iwe ndiyo kamba ya kuunganisha. Katika sekta ya mafuta na gesi huko Marekani mgawanyiko huu ulizaa hata viwango rasmi. Kiwango kiitwacho PODS, kilichoanza mwaka 1998, kilipanga taarifa za mabomba katika hifadhidata isiyotegemea programu yoyote moja ya ramani. Kingine, APDM, kikazipanga ndani ya programu ya ramani yenyewe.

Mimi nimo katika kundi la pili, na nitaeleza kwa mfano.

Tuseme pana bomba la kilomita 10 kutoka tangi moja hadi jingine. Kilomita 6 za kwanza ni chuma, 4 zilizosalia ni plastiki. Kipenyo hupungua katika kilomita ya 3. Kisha, mwaka fulani, sehemu ya kutoka kilomita 5 na nusu hadi 7 ikafanyiwa ukarabati. Anayetaka kuandika haya yote ndani ya ramani hana budi kuukata mstari wake: mara moja kwenye 3, mara moja kwenye 5 na nusu, tena kwenye 6, tena kwenye 7. Bomba moja limekuwa vipande vitano, na kila kipande kimebeba nakala ya habari zilezile za mwaka na mkandarasi. Ukarabati ujao utakata tena. Kila mkato huua kipande cha zamani na kuzaa viwili vipya vyenye nambari mpya, na ripoti ya uvujaji iliyoandikwa juu ya kile kipande cha kwanza hubaki yatima: inataja kitu ambacho hakimo tena katika ramani. Baada ya miaka kumi una ramani ya makombo.

Anayefuata njia ya pili huuacha mstari mzima. Katika daftari huandika: kutoka 0 hadi 6, chuma, kutoka 6 hadi 10, plastiki, kutoka 5 na nusu hadi 7, ukarabati, tarehe fulani. Kompyuta ndiyo hukata na kupaka rangi pale inapoulizwa, kisha husahau. Mbinu hiyo si ngeni. Watu wa reli waliijua kabla kompyuta hazijazaliwa, na ushahidi umo hapa hapa kwetu: kituo kiitwacho Mile 46, kwenye reli ya kutoka Konza kwenda Magadi, kimepewa jina kwa hesabu ya maili za njia. Mhandisi aliyeambiwa kuna taabu katika maili ya 46 hakuhitaji ramani. Alihitaji kufuata reli na kuhesabu.

Ila pana mtego hapo. Umbali si jina. Barabara ikipanuliwa, nalo bomba likazungushwa na kuongezeka mita 180, vali iliyokuwa kwenye kilomita 14.20 huwa sasa kwenye 14.38, na vivyo hivyo kila kitu kilichoko mbele yake. Ikiwa vali ilikuwa inaitwa kwa umbali wake, imebadilishwa jina bila kuhama hata kidole. Ndiyo maana nasisitiza kila kifaa kipewe nambari isiyo na maana yoyote: isitaje mji, wala kipenyo, wala umbali. Walimu watanielewa upesi. Nambari ya mtahiniwa hubeba ndani yake kituo cha mtihani. Mwanafunzi akihamia shule nyingine, ile ya zamani haimfai. Mwaka 2017 Wizara ya Elimu ilipoanzisha mfumo wa NEMIS, kila mwanafunzi alikusudiwa kupata nambari moja ya kumfuata popote aendapo, awe Kitengela au Kisii. Kitambulisho cha taifa hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Mtu huoa, huhama, huzeeka, nambari ikabaki ile ile. Vali nayo inastahili heshima hiyo, ipigwe muhuri kwenye kibati cha chuma na kibati kifungwe kwenye shimo lake.

Kuna sababu nyingine, ndogo, inayochekesha kidogo. Aina ya faili inayotumika sana kubebea ramani, iitwayo shapefile, ni ya miaka ya 1990, na jina la safu katika jedwali lake haliwezi kuzidi herufi 10. Kwa lugha yetu inayopenda maneno marefu hilo ni balaa. Andika kipenyo_cha_ndani, nayo faili itakata ibaki kipenyo_ch. Andika kipenyo_cha_nje, itakata vilevile ibaki kipenyo_ch, na programu italazimika kubuni jina la tatu ili zisigongane. Anayepokea faili hiyo miaka mitano baadaye hana namna ya kujua ipi ni ya ndani na ipi ni ya nje. Zipo faili bora, kwa mfano GeoPackage iliyoidhinishwa mwaka 2014, tena hazilipiwi. Lakini mazoea yana taabu.

Huenda mtu akauliza kama haya yanaweza kumdhuru yeyote. Jioni ya tarehe 9 Septemba 2010, bomba la gesi la kampuni ya Pacific Gas and Electric lilipasuka katika mji wa San Bruno, jimbo la California. Watu 8 walikufa na nyumba 38 ziliteketea. Ilichukua dakika 95 kuisimamisha gesi. Bomba hilo la inchi 30 lilikuwa limezikwa mwaka 1956. Wachunguzi wa Bodi ya Kitaifa ya Usalama wa Uchukuzi walipoufungua mfumo wa ramani wa kampuni, walikuta umeandika kwamba sehemu ile ni bomba lisilo na mshono. Walipolitazama lenyewe, walikuta vipande vifupi vilivyounganishwa kwa kulehemu, na mshono mmojawapo ulikuwa mbovu tangu siku ya kwanza. Ile habari ya bomba lisilo na mshono ilikuwa imenakiliwa kutoka hati za uhasibu, ikaingia katika ramani, na ilipokwisha kupakwa rangi na kuonekana kwenye kioo, ikaaminika.

Hii ndiyo hatari kubwa ya kuweka kila kitu ndani ya ramani. Ramani ina sura ya ukweli. Safu ya jedwali lake imeandikwa inchi 12, basi. Haisemi nani aliyesema inchi 12, kama aliona bomba kwa macho, alisoma mchoro wa mkandarasi, au alikisia. Taarifa mpya ikiingizwa, ya zamani hufutika. Daftari la kando, likipangwa vyema, huweka kila kauli na msemaji wake na tarehe yake: mwaka huu karani aliandika 12 kutoka kwenye mchoro, mwaka ule fundi alichimba, akapima, akakuta 10. Zote mbili hubaki, na anayesoma hujua aamini ipi. Mwalimu wa historia hatashangaa kusikia kwamba chanzo cha habari kina thamani sawa na habari yenyewe.

Nimesema ramani ishike mahali. Hata hilo peke yake lina kazi ya kutosha. Ramani za Idara ya Upimaji za 1:50,000, ambazo mtahiniwa wa jiografia katika KCSE huzijua sana, zilichorwa kwa msingi wa upimaji uitwao Arc 1960. Vifaa vya setilaiti vilivyomo katika simu zetu hutumia msingi mwingine, WGS 84. Hapa Kenya nambari zilezile za longitudo na latitudo, zikisomwa kwa msingi usio wake, hukupeleka takriban mita 300 mbali na mahali palipokusudiwa. Kwenye karatasi ya 1:50,000 hizo ni milimita 6, upana wa kalamu ya risasi. Kwenye mtaa wa Kitengela ni ploti 20 za upana wa futi 50. Fundi akitumwa na nambari hizo atachimba kwa jirani wa ishirini. Kwa hiyo kila mahali palipopimwa pawe na maneno mawili kando yake: msingi uliotumika, na tarehe.

Nitakiri kwamba kundi la kwanza halikosi hoja. Kampuni ndogo ya maji yenye karani mmoja na kompyuta moja inaweza kuelemewa na hifadhidata mbili zinazohitaji kuunganishwa. Kamba ikikatika, ramani hubaki bubu, na daftari hubaki na nambari zisizo na mahali. Kwa kampuni kama hiyo, faili moja iliyotunzwa vizuri ni bora kuliko mifumo miwili iliyotelekezwa. Lakini bomba la Noolturesh si la kampuni ya karani mmoja. Linagusa kaunti tatu, na kila kaunti inatakiwa na Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 kuwa na mpango wa matumizi ya ardhi uliojengwa juu ya hifadhidata ya ramani. Kila moja ikichora kipande chake na kukipa nambari zake, vali nambari 7 itakuwa tatu. Ramani tatu zinaweza kuwepo, na hakuna ubaya. Daftari liwe moja.

Liwe la nani? Hapa nasema bila kuzungusha. Lisiwe la mshauri aliyelipwa kwa mradi wa miezi 18, ambaye mkataba ukiisha huondoka na seva, nywila na ujuzi. Lisiwe la mfadhili. Liwe la kampuni ya umma inayopigiwa simu usiku bomba linapopasuka, kwa sababu ndiyo pekee inayoumia daftari likiwa na makosa. Wizara na kaunti zipewe nakala kila mwezi, katika faili ambazo programu za bure kama QGIS zinaweza kuzifungua, ili siku sheria nyingine itakapobadilisha majina ya ofisi, pasiwe na wa kubembelezwa.

Wapo wanaosema taarifa hizi zifichwe kabisa, kwa kuwa wezi wa maji watazitumia. Hofu hiyo ina msingi; miunganisho haramu ni tatizo sugu la bomba hili, na nchini kote, kwa hesabu za Bodi ya Kudhibiti Huduma za Maji, zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayozalishwa hayalipiwi, ama kwa kuvuja ama kwa kuibwa. Lakini mwizi wa maji haibi kwa kusoma ramani. Anajua bomba lilipo kwa sababu anaishi juu yake. Asiyejua ni mnunuzi wa ploti. Tarehe 12 Septemba 2011 mafuta yalivuja kutoka kwa mtambo wa Kampuni ya Mabomba ya Kenya katika kijiji cha Sinai, Nairobi, yakashika moto, na zaidi ya watu 100 wakafa katika makazi yaliyosongamana kando ya njia ya mabomba. Mwaka 2015 mafuta ya bomba la Mombasa hadi Nairobi, lililoanza kazi mwaka 1978, yalivuja huko Thange, kaunti ya Makueni, yakaharibu mto na mashamba. Mtu anayejenga ana haki ya kujua kilicho chini ya msingi wa nyumba yake. Na hapa faida ya kutenganisha ramani na daftari hujitokeza tena: njia ya bomba inaweza kubandikwa ukutani katika ofisi ya ardhi, kila mtu aione, ilhali habari za vali, nguvu za maji na funguo zikibaki katika daftari lenye kufuli. Vyote vikiwa ndani ya faili moja, ofisa mwoga atafunga vyote.

Tena tusidhani kwamba kazi ya kupima ni ya wageni wenye shahada. Mwaka 2004 wafugaji wa Kitengela, wakishirikiana na watafiti wa taasisi ya mifugo ya ILRI, walitembea na vifaa vya setilaiti wakapima nyua zilizokuwa zinaziba njia za ng'ombe na za wanyamapori kati ya nyika zao na Mbuga ya Nairobi. Ramani hizo zilisaidia kutunga mpango wa matumizi ya ardhi ambao baraza la Olkejuado la wakati huo liliukubali. Olkejuado, kwa Kimaasai, ni mto mrefu. Ndilo jina lililozaa Kajiado, ingawa mto wenyewe kwa miezi mingi ni mchanga mtupu. Waliopima nyua wanaweza kupima mabomba.

Ningependa kampuni ya maji, badala ya kuanza kwa zabuni ya programu ya bei kubwa, ianze na wale mafundi wazee. Kila mmoja apewe kijana mmoja aliyehitimu kidato cha nne, anayeweza kusoma simu na kuandika kwa hati inayosomeka. Waifuate njia ya bomba kutoka tangi hadi tangi. Kila vali mzee anapoonyesha, kijana aifunge kibati chenye nambari, apime mahali, apige picha, na aandike maneno ya mzee kama yalivyotoka kinywani, pamoja na yale ya "hapa palikuwa na mti wa oltepesi". Kipande cha Isinya hadi Kitengela kingefaa kutangulia, kwa kuwa ujenzi ndio unaokwenda mbio zaidi huko na ushahidi unafukiwa kila wiki. Gharama yake ni mishahara ya vijana wawili watatu, pikipiki moja, vibati, na marupurupu ya mafundi wanaokaribia kustaafu.